Ardhi si Nauli

Msomaji kijana, kuna shauri linalotolewa siku hizi katika nyumba za Kitengela na Kajiado ambalo nataka kulipinga mbele yako. Husemwa kwamba mtu aliyechoka na dhiki ya hapa auze kiwanja chake, akate tiketi za jamaa yake yote, avuke bahari akaanze maisha mapya. Moja ya nchi zinazotajwa ni Thailand. Watoao shauri hili husema kwamba huko chakula ni rahisi, nyumba ni rahisi, baridi haipo, na ajuaye Kiingereza hakosi kazi ya kufundisha. Sehemu ya maneno hayo ni kweli, na uongo uliochanganywa na kweli ndio mgumu kuutambua. Mimi nasema kuwa kuuza ardhi ili kuihamishia familia nzima katika nchi ile ni biashara mbaya. Sisemi kwamba safari ni mbaya; nasema kwamba bei inayolipwa si bei yake. Nitazitoa sababu zangu moja moja nawe uzipime. Ukiziona nyepesi, zitupe.

Kwanza yapasa kumtendea haki mtu atakaye kuhama. Hahami kwa sababu ya upumbavu. Ukame wa miaka ya 2020 hadi 2023 uliteketeza ng'ombe wengi wa wilaya zetu, na mfugaji aliyelala tajiri aliamka akihesabu ngozi. Vijana waliomaliza shule hukaa wakingoja kazi isiyokuja. Kwa upande mwingine, kila mtu anaona faida ya ng'ambo. Mwaka 2024 Wakenya waishio nchi za nje walituma nyumbani karibu dola bilioni 5, na fedha hizo zimejenga nyumba, zimelipa karo na zimetibu wagonjwa. Anayesema kwamba Mkenya asisafiri anapingana na ushahidi wa macho yake. Lakini tazama vizuri fedha zile zinakwenda wapi. Zinakuja nyumbani kwa sababu nyumbani pako. Mtumaji ameondoka peke yake, akapata kazi yenye karatasi halali, akaacha nyuma mahali pa kutuma na mahali pa kurudi. Mwenye kuuza kiwanja ili wote waondoke hafuati mfano huo, bali anaugeuza kichwa chini miguu juu.

Ardhi hii inayotaka kugeuzwa nauli imepatikanaje? Haikuokotwa njiani. Mwaka 1904 Wamasai walitia mapatano na Serikali ya Kiingereza, wakaondoka katika Bonde la Ufa. Wengine wakapelekwa Laikipia na wengine kusini. Waliahidiwa kwamba mapatano hayo yatadumu muda wote Wamasai watakaokuwapo duniani. Miaka 7 tu ilipita. Mwaka 1911 yaliandikwa mapatano mengine, na wale wa Laikipia wakahamishwa kuja kusini pamoja na mifugo yao, na katika safari ile wako watu na ng'ombe waliokufa njiani. Walipeleka shauri lao mahakamani, na mwaka 1913 wakashindwa. Sehemu ya nchi ile ya kusini ndiyo tuiitayo Kajiado leo. Baadaye sheria ya mwaka 1968 ilianzisha mashamba ya jumuiya, na mwishoni mwa miaka ya 1980 shamba la jumuiya la Kitengela likagawanywa, kila mwanachama akapata hati yake. Barabara ya Namanga, viwanda vya Athi River na ukaribu wa Nairobi vikaleta wanunuzi, na malisho yakakatwa kuwa ploti za futi 50 kwa 100.

Nawe ambaye wazazi wako si Wamasai, bali walikuja wakanunua ploti kwa mkopo wa chama cha ushirika na kuulipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi, usidhani kwamba habari hii haikuhusu. Ploti ile ni miaka ya maisha ya baba yako na mama yako iliyowekwa mahali pamoja. Historia ya Wamasai inatufundisha sote neno moja: ukaaji unaotegemea ahadi ya serikali ya watu wengine waweza kubadilishwa na yule aliyeuahidi, na ukibadilishwa, anayehama ni wewe.

Sasa na tuivuke bahari tuone ni kitu gani kinachonunuliwa huko kwa thamani ya ardhi ya huku. Sheria ya ardhi ya Thailand ya mwaka 1954 kwa kawaida haimruhusu mgeni kumiliki ardhi. Aweza kununua chumba katika jengo la ghorofa, mradi wageni wote pamoja wasipite asilimia 49 ya eneo la vyumba vya jengo hilo. Aweza kupanga nyumba au ardhi kwa muda usiozidi miaka 30. Lakini udongo si wake. Siwalaumu Wathai kwa sheria hiyo. Sisi wenyewe, katika Katiba yetu ya mwaka 2010, tumesema kwamba asiye raia hawezi kushika ardhi Kenya ila kwa kukodi, tena kwa miaka isiyozidi 99. Kila taifa hulinda udongo wake. La ajabu ni hili: Wathai wanaulinda udongo wao dhidi yetu, sisi tunauza wetu ili tukakae juu ya wao kwa ruhusa. Mtu anayeuza ardhi mahali anapoweza kuimiliki, akaenda kukaa mahali asipoweza kuimiliki, amebadili mali kwa muda. Na muda huisha.

Utazame muda wenyewe. Mgeni afanyaye kazi Thailand lazima awe na viza inayofaa na kibali cha kazi, na kibali hicho hufungwa kwa mwajiri na kwa kazi iliyotajwa ndani yake. Ziko kazi nyingi ambazo mgeni hakatazwi tu kwa desturi, bali kwa sheria, maana zimewekewa raia. Mke na watoto wanaoingia kwa jina la mfanyakazi hupewa ruhusa inayotegemea ruhusa yake, na mke hana haki ya kufanya kazi mpaka apate kibali chake mwenyewe. Kwa hiyo familia nzima inaning'inia katika uzi mmoja. Mwajiri akifunga shule, au asipoongeza mkataba, uzi umekatika. Ruhusa ya baba imekoma, na ya mama na watoto imekoma pamoja nayo. Anayepitisha muda wake hutozwa baht 500 kwa kila siku, hadi kufikia baht 20,000. Akipitisha zaidi ya siku 90, hata kama anaondoka kwa hiari yake, hufungiwa mlango kwa mwaka mzima. Na akikamatwa kabla hajajitokeza mwenyewe, hufungiwa kwa miaka 5 au zaidi. Hapa Kitengela, baba akifukuzwa kazi, jioni hurudi nyumbani. Huko, akifukuzwa kazi, nyumbani hapana.

Labda baba ni mtu wa makamo na anasema kwamba hatafuti kazi. Atakaa kama mstaafu. Njia hiyo ipo kwa mwenye miaka 50 au zaidi. Lakini mwenye kuifuata hutakiwa kuonyesha akiba ya baht 800,000 katika benki, au mapato ya baht 65,000 kila mwezi, na viza hiyo haimruhusu kufanya kazi. Kwa kadirio la shilingi 4 kwa baht moja, ambalo halikuwa mbali na bei ya mwaka 2025, akiba hiyo ni shilingi 3,200,000. Fedha hizo ni za kulala benki. Chakula kinatoka mfuko mwingine.

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Na tufungue daftari. Tuseme familia ya watu watano imeuza ploti yake kwa shilingi 1,500,000. Tuseme tiketi ya kwenda ni shilingi 90,000 kwa kila mtu; hizo ni 450,000, na zinabaki 1,050,000. Pasipoti, viza, vyeti, tafsiri za vyeti, vyombo vya nyumba na mavazi tuvikadirie shilingi 130,000, zinabaki 920,000. Mwenye nyumba huko aghalabu hutaka amana ya miezi miwili pamoja na kodi ya mwezi wa kwanza. Ikiwa kodi ni baht 10,000, amana peke yake ni shilingi 80,000, na zinabaki 840,000. Kodi, chakula, nauli za mjini na dawa kwa watu watano tuvihesabu baht 25,000 kwa mwezi, yaani shilingi 100,000. Msemaji wa mtaani atashangilia: "Tuna miezi 8 na zaidi!" Lakini amesahau tiketi za kurudi, ambazo ni 450,000 nyingine. Toa hizo, zinabaki 390,000. Familia haina miezi 8. Haina hata minne. Siku ya mia na ishirini ikifika bila mshahara, watu hawa hawawezi kukaa na hawawezi kurudi. Badili tarakimu upendavyo, weka za jirani yako au za nyumbani kwenu. Namna ya hesabu ni ile ile. Nauli ya kurudi ni fedha ya kwanza kuhesabiwa, nayo ndiyo isahauliwayo na karibu kila anayetoa shauri la kuhama.

Tena sarafu hazitulii. Mwezi wa Januari 2024 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi zipatazo 160; kabla ya katikati ya mwaka ilikuwa imeshuka hadi kama 130. Aliyeuza ploti kwa shilingi milioni moja na kubadilisha mwezi wa Januari alipata dola kama 6,250. Aliyengoja miezi michache alipata kama 7,690. Ploti ni ile ile, bei ni ile ile, lakini mmoja amepoteza zaidi ya dola 1,400 kwa tarehe tu. Sarafu ya Thailand nayo imepata kuanguka. Tarehe 2 Julai 1997 nchi ile ilishindwa kuishikilia baht kwa bei yake ya zamani, na dola iliyokuwa ikinunuliwa kwa baht 25 ilipita 50 mwezi wa Januari 1998. Ardhi nayo hupanda na kushuka bei, sikatai. Lakini bei ikishuka, mwenye ardhi bado hulisha mbuzi juu yake.

Nije katika kazi ya kufundisha, ambayo ni kazi yangu. Mimi nilisoma katika chuo cha ualimu nikapata cheti kinachoniruhusu kufundisha hapa. Cheti hicho peke yake hakinifikishi mbele ya darasa la Thailand, maana mwalimu mgeni hutakiwa awe na shahada ya chuo kikuu, cheti cha polisi cha mwenendo mwema, na leseni ya Baraza la Walimu la nchi ile au ruhusa yake ya muda. Isitoshe, Kiingereza chetu, ambacho tumekipigania tangu darasa la kwanza, huko hakihesabiwi kuwa lugha yetu ya kuzaliwa. Hutakiwa matokeo ya mtihani wa lugha. Wako Wakenya waliotimiza masharti hayo na wanafundisha kwa heshima. Nawasifu. Lakini hawakufika kwa kuambiwa tu kwamba "ukijua Kiingereza hukosi".

Na wewe mwanafunzi, utasoma wapi? Shule za serikali za Thailand hazimfungii mlango mtoto wa mgeni, nalo ni jambo la kusifiwa. Lakini zinafundisha kwa Kithai. Lugha hiyo ina konsonanti 44 katika maandishi, sauti tano za kupandisha na kushusha ambazo hubadili maana ya neno, na huandikwa bila nafasi kati ya neno na neno. Mtoto wa miaka 5 ataishika akicheza. Wewe wa miaka 15 utakaa nyuma ya darasa ukitazama ukuta, huku wenzako wa Kajiado wakikaribia mtihani. Shule za kimataifa zinazofundisha kwa Kiingereza ziko, lakini nyingi hutoza mamia ya maelfu ya baht kwa mwaka. Watoto watatu katika shule ya baht 200,000 kwa mwaka ni baht 600,000, yaani shilingi 2,400,000. Ploti imekwisha, na deni la karo limebaki. Mzazi husema kwamba anahama kwa ajili ya watoto. Amuulize basi mtoto atasoma lugha gani, darasa gani, kwa fedha gani.

Ugonjwa nao haungoji kibali. Mpango wa matibabu kwa wote ulioanzishwa Thailand mwaka 2002 umesifiwa duniani, lakini uliwekwa kwa ajili ya raia. Mgeni aliyeajiriwa kihalali huingizwa katika hifadhi ya jamii kwa michango ya mshahara wake, naye hutibiwa. Mkewe na watoto hawatibiwi kwa mchango huo. Ni lazima wanunue bima au walipe taslimu. Kadhalika hapana shangazi wa kulala hospitalini na mgonjwa, hapana harambee ya jirani, hapana chama cha akina mama. Vitu hivi haviandikwi katika hati ya ardhi, lakini anayeuza na kuhama huviacha vyote.

Nimezungumza mpaka hapa juu ya hatari za mtu mwenye bahati, aliyefika alikokusudia. Wako wasiofika. Katika miaka hii Wakenya walio wengi wa umri wa kaka na dada zako waliahidiwa kazi nzuri Thailand, wakapokewa Bangkok, wakapakiwa magari kuelekea kaskazini-magharibi karibu kilomita 500, mwendo kama wa kutoka Kitengela hadi Mombasa, mpaka mji wa Mae Sot. Huko walivushwa mto Moei wakajikuta Myawaddy, katika nchi ya Myanmar, ndani ya majengo yenye walinzi wa silaha, wakilazimishwa kuwatapeli watu wa mbali kwa kompyuta na simu. Waliokataa walipigwa, na jamaa zao wakadaiwa fedha za kuwakomboa. Mwezi wa Novemba 2022 Serikali ya Kenya ilitoa onyo juu ya kazi hizo. Mwezi wa Agosti 2023 Umoja wa Mataifa ulikadiria kwamba watu wapatao 120,000 huenda wanashikiliwa katika kazi za namna hiyo Myanmar peke yake. Mwezi wa Februari 2025 Thailand iliikatia umeme, mafuta na intaneti mipaka hiyo, na maelfu wakatolewa, Wakenya wakiwamo, wakasubiri safari ya kurudi makwao. Sheria ya Kenya ya mwaka 2010 humtoza mfanyabiashara ya watu kifungo cha miaka isiyopungua 30 au faini isiyopungua shilingi milioni 30. Sheria ni kali. Lakini humshika mwizi baada ya mtu kupotea, na ploti iliyouzwa kumlipa wakala haimrudii mwenyewe kwa sababu wakala amefungwa.

Nasikia jibu la mpinzani wangu. Asema: "Mwalimu, asiyethubutu hapati. Mababu zetu walihama na ng'ombe wao, na kila mji ulianzishwa na wahamiaji, hata Kitengela." Ni kweli. Lakini mfugaji wa kale hakuhama kwa kubahatisha. Alituma vijana mbele kutazama majani na maji, wakarudi na habari. Ndipo boma likavunjwa. Na aliporudi msimu uliofuata, malisho yake ya kwanza yalikuwapo. Huo ndio ushujaa wenye akili. Mpinzani ataongeza: "Ardhi kavu ina faida gani?" Namjibu kwamba ikiwa haina faida, mbona wanunuzi wamepanga foleni? Shamba lisilolimwa laweza kukodishwa kwa malisho au kwa bustani ya mwenye kisima. Mwenye kukodisha hupata fedha na hati hubaki ndani ya sanduku.

Kwa hiyo, ikiwa kuna mtu wa nyumbani kwenu anayetaka kwenda Thailand, na aende. Lakini na aende mmoja kwanza, tena aliye tayari. Awe na mkataba uliosomwa hadi mstari wa mwisho, wakala aliyesajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, viza ya kazi iliyotolewa kabla ya kupanda ndege, wala si viza ya matembezi na ahadi ya kubadilishiwa huko. Nauli yake ya kurudi iwekwe katika akaunti isiyoguswa. Anwani ya ubalozi wa Kenya ulioko Bangkok aibebe yeye na waibebe walio nyumbani. Akikaa mwaka mmoja, akafanya kazi na kuweka akiba, familia itakaa chini ihesabu upya kwa tarakimu za kweli. Na katika mwaka huo wote hati ya ardhi isiondoke nyumbani.

Utasema: "Mimi ni mtoto, nani atanisikiliza?" Usijidharau. Katika nyumba nyingi ni wewe unayeombwa kusoma barua na mkataba ulioandikwa kwa Kiingereza. Sheria nayo imeweka milango ambayo muuzaji hana budi kuipita. Ardhi ya kilimo haiuzwi bila idhini ya Bodi ya Ardhi iliyowekwa kwa sheria ya mwaka 1967, na nyumba ya mume na mke haiuzwi bila ridhaa ya wote wawili, kwa sheria ya mwaka 2013. Mwambie mama yako kwamba saini yake si pambo. Nenda kwa baba yako kwa adabu, siku ambayo hana hasira, umwambie: "Baba, naomba kuuliza. Tukifika huko na kazi isipatikane, tutarudi kwa fedha gani, na tutarudi wapi?" Usiongeze neno. Swali hilo likipata jibu lenye tarakimu, funga mizigo kwa furaha, usaidie kubeba. Likijibiwa kwa hasira au kwa matumaini matupu, basi wakati wa kuuza haujafika. Wazee walitukataza tangu zamani kuuacha mbacha wetu kwa msala upitao. Mbacha wenu upo Kitengela, una namba ya hati, na hakuna afisa awezaye kuugongea muhuri wa siku tisini.